Mgongo Wangu na Ua wa Mama Mkwe

Wazee wangu wa Natta, shikamooni. Na ninyi wengine, ndugu zangu, nawasalimu wote, mliokaa na mliosimama dirishani. Mchungaji wenu ameniwekea kiti hapa mbele, nami namshukuru, lakini naomba nisikikalie. Nimekwisha kukaa sana maishani. Nitasimama mpaka nimalize, na mkiniona nashika kiuno msishtuke, ni mazoea tu.

Nimetoka Itiryo, kule Tarime. Nilipoombwa kuja kusema mbele yenu nilikataa. Nikaombwa tena, ndipo nikauliza swali moja: kuna mtu yeyote wa upande wa mke wangu anayesali hapa? Nikaambiwa hakuna. Basi nikakubali. Mtaelewa baadaye kwa nini niliuliza hivyo. Hata sasa sijaanza, na uso unaniwaka.

Kuna mtu amekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Simtaji jina, kama ambavyo sitamtaja mtu yeyote leo. Ninyi mnamjua kuwa ndiye bwana mifugo wenu mpya, aliyehamishiwa hapa kutoka kwetu. Nimesikia kwamba akitandika gunia lake alfajiri nyuma ya nyumba ya serikali, watoto wenu huenda kuchungulia, wakirudi ninyi baba zao mnawauliza wameona nini. Nimesikia wengine wenu mmesema ni mwehu, na wengine mmesema anaabudu jua. Ndugu zangu, siwalaumu. Mimi nilimcheka kabla yenu, na nilimcheka kwa sauti kubwa kuliko ya mtu yeyote hapa ndani.

Ngoja nianzie mwanzo.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Sisemi kwa kujisifu, maana nguvu hizo ndizo zilizoniangusha. Nilikuwa nashika dume la plau kwa pembe mpaka linatulia. Tulipoambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, kila mtu alibomoa nyumba yake, akachukua kilichobebeka. Paa langu lilikuwa jipya, na wenzangu wakashauri tulikate vipande viwili. Mimi nikasema hapana, linakwenda zima. Tukalibeba wanaume wengi mabegani, na nyasi zake zikituwasha shingoni. Tulipofika kwenye kijito, wale wa upande wa chini wakaanza kuteleza. Nikawaambia, "Shikeni huko mbele, huku niachieni mimi!" Wanawake walikuwa wamesimama ng'ambo wanatazama, nami nilijua wanatazama. Nikalisukuma juu lile paa kwa mgongo.

Sikusikia mlio wowote. Nilisikia joto likishuka kutoka kiunoni, likapita mguu wa kushoto mpaka kisiginoni. Sikusema kitu. Ninyi mnajua tulivyolelewa. Mtu akisimama mbele ya kisu akiwa kijana, ukoo mzima unamtazama usoni kuona kama atapepesa jicho, na akitoka pale hakuna anayemfundisha tena namna ya kusema kwamba anaumia. Nilifika na paa, tukaliweka juu ya kuta, nikanywa uji na kutaniana na watu. Asubuhi yake sikuweza kuinuka kitandani.

Aliyejua ni mke wangu peke yake. Nikamwambia, "Usimwambie mtu."

Akauliza, "Hata mama?"

Nikasema, "Hasa mama yako."

Hapo lazima niwaeleze habari ya viwanja. Zamani kila mtu aliishi na boma lake, na wakwe zangu walikuwa ng'ambo ya kilima. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani. Akitokea njiani unatoka njiani, unageuza uso, unachutama nyuma ya kichaka mpaka apite, naye hufanya hivyohivyo. Ni heshima, na kilima kilitusaidia sana kuitunza. Sasa kijijini viwanja vilipimwa kwa kamba, nyumba zikapangwa mstari. Kijana aliyepima hakuwa mtu wa kwetu, na hakuuliza nani ni nani wa nani. Akampa mama mkwe wangu kiwanja kinachotazamana na changu. Mlango kwa mlango! Tulipanda minyaa katikati iwe ua, lakini minyaa yenyewe ilikuwa bado inafika magotini.

Mtu mwenye mgongo mzima angeweza kuruka pembeni upesi. Mimi nilikuwa nageuka kama mlango uliooza bawaba. Mara nyingine nilibaki nimesimama katikati ya uwanja wangu nimefumba macho kama mtoto anayejificha, nasikiliza nyayo zake zipite. Chekeni tu, mimi nilikuwa natokwa na jasho.

Sikuweza kuinama. Nilikuwa na buti nilizopata nilipofanya mafunzo ya mgambo, na kamba zake sikuzifikia. Nikikaa kwenye kigoda ndani siinuki, kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mlangoni nimeshika mwimo, na mke wangu anapiga magoti mbele yangu ananifunga viatu. Nilitazama pembeni ili nisimwone akifanya hivyo. Nilifikiri nikitazama pembeni, jambo lenyewe linapungua.

Kwenye shamba la kijiji nilikuwa na udhuru kila wiki. Leo tumbo, kesho msiba wa shangazi, keshokutwa nimeitwa tarafani. Mke wangu alikuwa anamaliza mstari wake, halafu anaanza wangu. Na mimi, ndugu zangu, mwili ulikuwa huu mnaouona, shingo nene. Mtu aliyekonda akisema anaumwa anaaminiwa. Siku moja katibu wa kijiji akasimama mkutanoni akasema kati yetu kuna kupe, anayenyonya jasho la wenzake. Hakutaja jina. Lakini nilisikia mabenchi yakilia watu walipogeuka kunitazama.

Hilo nalo ningelivumilia. Kilichonivunja ni yowe.

Nanyi mna ng'ombe, mnajua maana ya yowe. Ng'ombe wa majirani zetu walichukuliwa na wezi machungani, jua likiwa juu kabisa. Yowe likapigwa, na kila mwanaume akatoka na silaha yake kufuata nyayo. Mimi nilichukua upinde, nikatoka. Nilipofika kwenye pengo la ua, mguu wa kushoto ukakataa, nikaanguka kwa goti. Nikarudi ndani nikijikokota, nikalala, nikajifunika blanketi, na upinde uko chini ya blanketi pamoja na mimi. Nikasikia wenzangu wa rika, tuliotahiriwa nao msimu mmoja, wanaita mlangoni, kama tunavyoitana wanaume kwetu: "Mura! Toka twende!" Mke wangu akawajibu, "Ana homa." Halafu wakaenda.

Walirudi na ng'ombe wachache, na mwenzangu mmoja akiwa ameumia mguu. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia kama kawaida, wakapita. Lakini yowe lililofuata, hawakuita mlangoni pangu. Nililala pale nikisikia miguu yao ikipita mbio, nikingoja sauti moja tu iniite, hata kama nisingeweza kwenda. Haikuita. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja duniani: yowe likipigwa, mtu asimame mlangoni pangu aniite.

Sasa nakuja kwa huyu wa benchi la nyuma.

Alikuwa na nyumba karibu na josho letu. Serikali ilimpeleka India kusomea mifugo, akarudi na vyeti vyake na gunia lake. Alfajiri alikuwa anajikunja, anajinyoosha, anasimama kwa mguu mmoja, anapumua kwa kelele. Nilikuwa nikimuiga mbele ya watu, enzi nilipokuwa na mgongo, na watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Alijua. Mtu wa aina ile hujua.

Siku moja nilimpelekea ng'ombe anayechechemea. Akamtazama, akasema, "Ana mwiba kwenye ukwato. Mwinulie mguu nimtoe." Sikuweza kuinama, kwa hiyo nikajifanya nimeona kitu mbali, kule mlimani. Akangoja. Halafu akainama mwenyewe, akautoa mwiba, akauonyesha kwenye jua, akaniuliza, "Na wewe mwiba wako uko wapi?"

Nikamwambia, "Mimi sina kitu."

"Hata huyu hakuniambia kitu. Nimemwona anavyotembea."

"Bwana, wewe ni daktari wa ng'ombe."

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo piga magoti, weka mikono chini, uwe ng'ombe."

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Ndugu zangu wa Natta, mimi, mwanaume wa makamo, nilipiga magoti nyuma ya josho, nikaweka viganja kwenye udongo wenye kinyesi. Akaniambia niuinue mgongo polepole nikitoa pumzi, niushushe nikivuta pumzi. Basi, hivyo tu. Kitu mtoto mchanga anaweza. Nililia. Nikasema dawa ya josho imeniingia machoni, naye akakubali kwamba dawa ile ni kali.

Akanieleza kuwa jambo hilo linaitwa yoga. Huko alikosoma wanaume wazima wenye ndevu na vyeo hufanya hivyo, askari hufanya, wapiga mieleka hufanya, na hakuna anayewacheka. Nikamuuliza, maana mimi ni mtu wa kanisa, kama hiyo ni dini. Akasema kwa wengine kule ni ibada, naye hawadharau, lakini yeye alichukua ya viungo na ya pumzi, na sala zake anasali pale ninaposali mimi. Akaongeza kwamba mzee aliyemfundisha alikuwa anamwita gogo. Ilimchukua mwaka mzima kugusa vidole vyake vya miguu, kwa ugumu wa viungo vyake.

Nilikwenda siku kadhaa. Kisha akasema, "Sasa inua makalio juu, nyoosha mikono na miguu, kama mbwa anayeamka." Nikavaa kofia yangu nikaondoka. Ng'ombe nilikuwa nimekubali. Mbwa hapana. Nilikaa nyumbani na hasira yangu mpaka maumivu yakanirudisha. Aliponiona akauliza, "Umekubali mbwa?"

Nikamjibu, "Tufanye upesi."

Akasema, "Hiki kitu hakina upesi." Na kweli hakina. Alikuwa ananikemea sana, ninyi hamjamjua bado, ana ulimi mkali. Kila nilipotaka kujisukuma kwa nguvu alinipiga begani kwa kijiti cha kupimia dawa. "Nguvu zako ndizo zilizokuvunja," alikuwa anasema. "Achia." Kuachia, nawaambia, ni kazi ngumu kuliko kubeba paa. Kubeba nilijua. Kuachia hakuna aliyewahi kunionyesha.

Josho lilikuwa mbali kwa mguu wangu, kwa hiyo nikaanza kufanyia nyumbani. Ndani hapakutosha, ningegonga mafiga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na njia ya watu wa mtoni. Ikabaki uwanja wa mbele. Nikahesabu kwamba nikiamka kabla ya mtu yeyote, hakuna atakayeniona. Nikafanya hivyo msimu wote wa mvua, na mguu ukaanza kupata uhai.

Sasa ndugu zangu, nawaomba akina mama waliopo waniwie radhi. Asubuhi moja nilikuwa katika ule mkao wa mbwa. Nilikuwa nimevaa kaptula ambayo mke wangu alikwisha kuniambia niitupe. Makalio yalikuwa juu, na yalitazama upande wa minyaa. Katika mkao ule kichwa kiko chini, na ukifumbua macho unatazama katikati ya miguu yako mwenyewe. Nikafumbua macho. Nikamwona mama mkwe wangu amesimama nyuma ya ule ua wa magotini, ameshika kibuyu cha maziwa. Kwa jinsi nilivyokuwa, nilimwona kichwa chini miguu juu.

Hakupiga kelele. Kibuyu kilimponyoka, maziwa yakamwagika, naye akarudi ndani akafunga mlango. Mimi nilianguka pale pale kwenye matope nikatamani nisiinuke tena. Mwanaume ninayepaswa kugeuza uso nimemtazama mama mkwe, tena nikiwa nimemwelekezea kitu ambacho hata adui humwonyeshi.

Jioni akahamia kwa mwanawe mwisho wa kijiji. Mke wangu hakusema nami siku ile. Habari zikaenea, na kila mdomo uliongeza chake. Kupe amerukwa na akili. Kupe anamroga mkwewe. Wazee wakaitisha kikao cha wanaume, kile tunachokiita iritongo, kwenye uwanja wa ghala la kijiji.

Nilikuwa na uongo wangu tayari. Nilitaka kusema kwamba nilidondosha msumari, nikawa nautafuta chini. Ningetozwa mbuzi kwa uzembe, watu wangecheka, mambo yakaisha. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, baba mkwe akaomba neno.

Ni mzee wa maneno machache. Akasema, "Ya asubuhi ile nimeyasikia, nayo yana aibu yake. Lakini mimi nina neno la zamani zaidi. Tangu tuhamie hapa, mama wa binti yangu ananiambia: mwanao kila siku anapiga magoti mlangoni, anamfunga mwanaume viatu. Mwanaume amesimama, ameshika mwimo, hata hamtazami. Nilimtoa binti yangu akawe mke. Sikumtoa akawe mtumwa. Kama ndivyo ilivyo, leo anarudi nyumbani."

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa nje ya uwanja na wanawake wengine, ameinamisha kichwa. Ndipo nikaelewa kwamba muda wote huo mama yake alikuwa anamuuliza kwa nini anajidhalilisha, na baba yake anamuuliza, na dada zake, naye hajawahi kujibu. Hakujibu kwa sababu nilimwambia asimwambie mtu. Alikubali aonekane mtumwa ili mimi nionekane mwanaume. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona aibu. Ile ya makalio ilikuwa mchezo.

Nikasema, "Mgongo wangu unauma."

Sauti ilitoka ndogo. Mtu mmoja akasema, "Sema usikike." Nikasema tena. Nikasema niliumia siku ya paa, kule kijitoni, na kwamba tangu siku hiyo siwezi kujifunga viatu, na huyu mwanamke ndiye mikono yangu. Mwenzangu mmoja wa rika akaniuliza, "Hata siku ya yowe?"

"Hata siku ya yowe. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimelala na upinde chini ya blanketi."

Kisha katibu, yule wa maneno ya kupe, akasema, "Na ile ya asubuhi ni nini?" Nikaeleza habari ya bwana mifugo. Watu wakaanza kunong'ona. Mwingine akapaza sauti, "Basi atuonyeshe!" Nikamtazama baba mkwe. Yule mzee aliinuka, akachukua kigoda chake, akakigeuza kikaelekea ukuta wa ghala, akakaa akitugeuzia mgongo. Akasema, "Aonyeshe. Mimi sitazami."

Nikavua koti. Nikapiga magoti mbele ya wanaume wote wa kijiji, nikawa ng'ombe, kisha nikawa mbwa. Walicheka, jamani, walicheka mpaka kuku wakakimbia. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nikaendelea kupumua kama nilivyofundishwa, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika. Halafu nikasimama wima, nikaanza kuinama taratibu mbele, mikono ikining'inia. Nilikuwa sijawahi kufika chini hata mara moja. Siku ile sikujisukuma. Nilikuwa nimechoka hata kujisukuma. Vidole vikagusa udongo.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Baba mkwe akauliza, bado ametazama ukuta, "Amefika wapi?"

Mtu akamjibu, "Amegusa chini."

"Zamani alikuwa hawezi?"

Mke wangu akajibu kutoka kule nje, "Alikuwa hawezi, baba."

Yule mzee akainuka, uso bado ukutani. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuwa anamdharau." Akainua kigoda chake, akaenda nyumbani bila kugeuka nyuma. Wazee walinitoza mbuzi kwa ajili ya ile asubuhi, nami nikamtoa kwa moyo mweupe. Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kigoda, nikafunga kamba za buti zangu mwenyewe. Ilinichukua muda mrefu. Mke wangu alisimama pale mlangoni na mikono yake haina kazi, halafu akaingia ndani, nami nikamwacha alie.

Msidhani watu walinijia na nyimbo. Wako wanaonicheka mpaka leo. Lakini juma lililofuata wenzangu wawili wa rika walionekana kule joshoni. Walisema wameleta ng'ombe kuogesha. Walikuwa na fimbo, ng'ombe hawakuwepo. Bwana mifugo hakuwauliza, akawatandikia magunia.

Kisha kiangazi kikaingia, na yowe likapigwa. Nilikuwa ndani nakunywa uji. Nikasikia miguu inakuja mbio, nikaganda na bakuli mkononi. Miguu ikasimama. "Mura! Toka twende!" Sijui kama niliweka bakuli chini au nililitupa. Tulifuata nyayo mpaka bondeni, tukachutama vichakani muda mrefu tukingoja, nami nikachutama na wenzangu na magoti yakakubali. Ng'ombe wengine hatukuwapata. Kwenye kupanda nilikuwa karibu na mwisho kabisa, nahema. Lakini nilikuwemo.

Basi, ndugu zangu wa Natta. Najua wengine wenu mnatembea doria porini kutwa nzima, na wengine mnabeba mizigo ya wageni kule kambini, na jioni mnarudi mmeshika kiuno mkisema mmechoka tu. Siwahubirii. Ninachowaambia ni hiki: ukiumia, sema, na umwambie wa kwako kwanza. Ukificha, kuna mtu atakayebeba aibu yako mlangoni, watu wakimtazama. Na huyo aliyekaa benchi la nyuma, mkitaka kumcheka mcheke, amezoea. Lakini mkimaliza kucheka, mwombeni gunia. Bwana mifugo, asante. Mimi ni gogo lako, na nimegusa chini.

Namshukuru mke wangu, ambaye sikumshukuru wakati ule. Namshukuru yule mzee aliyegeuza kigoda. Nawashukuru wenzangu wawili wa fimbo bila ng'ombe. Mungu awabariki, nanyi awabariki kwa kunisikiliza.

Amebaki mtu mmoja ambaye siwezi kumtazama, hata kumshukuru uso kwa uso siwezi. Alirudi kwenye nyumba yake baada ya kikao. Tangu aliporudi, kila alfajiri kabla ya kufungua mlango anakohoa kwa nguvu, mara mbili au tatu, na kifua chake hakina ugonjwa wowote. Nikisikia nashusha makalio, nageukia ukuta mpaka apite na kibuyu chake. Aibu haijaniisha, lakini tumepata namna ya kuishi nayo.

Mwaka huu minyaa imepita vichwa vyetu, haionyeshi kitu. Miezi michache iliyopita mke wangu aliniuliza, "Zile yoga za kusaidia magoti ni zipi?" Nikamuuliza magoti ya nani. Akatazama upande wa ua. Nikamwonyesha, akaenda nazo. Siku chache baadaye nilitoka alfajiri na gunia langu, nikasikia kutoka ng'ambo ya minyaa mtu anavuta pumzi kwa pua, taratibu, anaitoa, anavuta tena. Nikarudi ndani kimya kimya, nikafunga mlango.

Siku hizi, kabla sijatoka nje, mimi ndiye ninayekohoa.